Kibandiko Chekundu

Sauti ya Abdurahman ilikuwa imefika pale anapouliza hali ya mbuzi, mara ikaanza kuvutika. Ikawa nzito kama ya mtu mwenye usingizi, kisha ikakatika. Ndani ya redio kaseti kitu kikatafuna kidogo, kikaacha.

Bi Shekha alibonyeza kitufe. Kifuniko kikafunguka nusu, kikagoma. Utepe wa kahawia ulikuwa umejizonga kwenye magurudumu kama nywele kwenye kitana. Hakuuvuta. Alikaa akiutazama, mikono mapajani.

"Mwaka wa dukani haujesha?" aliuliza Mastura, mkwewe, kutoka chumbani. Alikuwa bado katika eda ya mumewe, Abdurahman.

Bi Shekha alifungua kasha akatoa kadi ya dhamana. Upande wa mbele ulikuwa na mhuri na maandishi ya kizungu, ambayo humo nyumbani hakuna aliyeyajua. Upande wa nyuma alikuwa ameandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu alizofunzwa chuoni: Mfunguo Mosi, siku ya tatu ya Iddi. Alikumbuka vizuri. Maduka mengi ya Malindi yalikuwa yamefungwa kwa sikukuu, la Thuku peke yake liko wazi.

"Ikiharibika ndani ya mwaka, lete, hulipi kitu," Thuku alikuwa amemwambia. "Mwaka ukiisha, usijisumbue na safari, mama. Hapo hatupokei tena." Kisha akamwonyesha kibandiko chekundu kilichofunika skrubu moja nyuma ya redio. Hicho kikitolewa na fundi mwingine, dhamana imekufa.

Bi Shekha alihesabu kwa vidole, kama alivyohesabu saumu, zaka na eda ya mkwewe.

"Umepita," alisema. "Leo siku ya nne."

Kanda ile ilikuwa moja tu. Kwa miaka mitatu, mwanzo kwa redio ya kuazima, ilikwenda Maskati kwa Abdurahman ikarudi Mambrui, kila mmoja akirekodi jibu lake juu ya maneno ya mwenziwe, kwa kuwa Abdurahman alisema hakuna haja ya kutupa kitu kizima. Mara ya mwisho ilikuja mwezi wa Rajabu. Kabla hawajaijibu, ikaja habari kwamba amefariki na ameshazikwa huko huko. Basi hawakuijibu. Kila alasiri Bi Shekha aliisikiliza, mpaka kile kikohozi cha mwanawe katikati ya maneno alikijua kinapokuja.

"Ipeleke vivyo hivyo, mama," Mastura alisema. "Mwambie imeharibika Ramadhani, ukashindwa kwenda kwa saumu. Atajuaje?"

"Nitajua mimi."

"Siku nne tu."

"Mwanangu, nikaitolee uongo sauti ya marehemu?"

Siku mbili Bi Shekha hakuigusa. Ya tatu aliifunga redio kwenye leso akaipeleka kwa Kavumbi, fundi wa redio aliyeweka meza yake penye kibaraza cha muuza mafuta ya taa. Kavumbi alikuwa mtu wa Kakuyuni, mpole, mwenye maneno.

"Sikukuu yenu haina subira, mama," alisema akitafuta bisibisi. "Mwaka jana ilinikuta nimeshapalilia, nimekaa. Mwaka huu imenikuta na jembe mkononi. Hata pilau sikuja kula."

"Ungekuja. Lilibaki."

"Aa, sasa ndiyo waniambia." Aliigeuza redio, akasita. "Kibandiko hiki nikikitoa, dukani hawaitambui tena."

"Mwaka wa dukani umeshapita. Toa."

Alikitoa kwa wembe, taratibu, kikaja kizima, akakibandika pembeni ya meza. Bi Shekha alikaa juu ya debe akiangalia mikono ya fundi. Utepe ulikatika mara ya kwanza, Kavumbi akasema pole. Ukakatika mara ya pili, akasema pole. Baada ya hapo hakusema kitu. Mwisho alimkabidhi vipande katika karatasi ya gazeti, vimekunjamana kama maganda ya vitunguu.

"Nisamehe, mama. Mimi mkono wangu wa redio, si wa kanda." Alikataa kulipwa. "Mashine itapona. Yataka mpira mpya wa ndani. Nenda nayo duka lililokuuzia, na ile kadi, wapate kujua aina."

Bi Shekha alipumzika siku moja, kisha akaenda Malindi. Thuku alimkumbuka.

"Shikamoo, mama. Mashine yaimba?"

"Marahaba. Ilitafuna kanda. Nataka mpira."

Thuku aliipokea kadi, akaisoma upande wa mbele. Aliangalia kalenda ya ukutani, akaisoma tena kadi.

"Mpira sikuuzii, nitakuwekea bure," alisema. "Lakini kanda kwa nini hukuniletea?" Alivuta mtoto wa meza akatoa waya mwembamba uliopindwa ncha. "Mimi huzitoa kwa huu, nzima kabisa. Jana nimetoa mbili."

"Mwaka ulikuwa umenipita kwa siku nne," alisema Bi Shekha. "Sikutaka kudai kisicho changu."

Thuku aliigeuza redio, akapitisha kidole juu ya skrubu iliyokuwa wazi.

"Mama," alisema, "hapa imeandikwa Juni ishirini na mbili, themanini na tano. Kwa kalenda hii, mwaka wako unaisha kesho."