Mwiko wa Bi Mafunda

Hata baada ya mwanawe kumwacha mkewe Zuwena, na ingawa hapakuwa na mjukuu wa kumvuta, Bi Mafunda aliendelea kuja kwa Zuwena kila mkesha wa Idi na mwiko wake mrefu. Halua haikorogwi na mtu mmoja.

Safari hii alikuta jiko halijawashwa. Mezani palikuwa na chungu cha umeme, ndani yake chokoleti ikiyeyuka polepole katika maziwa mazito ya kopo.

"Mwaka huu si halua, mama," Zuwena alisema. "Hii inaiva yenyewe. Natia biskuti, ikiganda nakata vipande. Nimeona usichoke."

"Hewala." Bi Mafunda alisimama na mwiko wake kama mgeni aliyekosea nyumba. "Basi, mwanangu, mimi nikuache."

Akaanza kujitanda mtandio. Zuwena akashika sinia upesi.

"Na biskuti nani atazivunja?"

Bi Mafunda akaketi, mwiko kando. Akazivunja moja moja, huku akisimulia magoti yake yanavyomsumbua na majirani wasiojua kunyamaza. Sinia likajaa. Biskuti zikatosha, tena zikazidi.

Zuwena akafungua pakiti nyingine.