Alama ya Pasi

"Jirani, mjane kama wewe ukifukuzwa kazi, huyo Yesu wako atakulishia watoto?" Aliniuliza hivyo siku moja jirani yangu, yule aliyenitafutia kazi kwa dobi anakofanya na yeye. Nilicheka tu.

Leo gauni la harusi la mteja lilikuwa mezani, limeungua kifuani. Alama ya pasi ilikuwa ya kahawia, ina ncha, na bado inanuka. Jirani ndiye aliyeiacha pasi pale, akakimbilia dirishani kutazama watu wakigombana barabarani. Sote tulimwona.

"Anayesema aliyeunguza ni huyu mgeni, asimame," bosi alisema.

Wote wakasimama, jirani akiwa wa kwanza. Mgeni, aliyeanza kazi juzi, akashika mdomo.

Mimi nilibaki kwenye stuli.

"Simama, mlokole wee!" Jirani alinifinya bega. "Utatuponza."

"Si yeye, bosi," nikasema. "Mungu anaona."

"Basi ni nani? Sema, au utoke pamoja naye."

"Mwenyewe yumo humu. Namwachia nafasi aseme."

Jirani akaitazama ile alama. Mkono wake ukaniachia bega. Akavua aproni, akaitundika kwenye msumari wake, akatoka.