Kondoo Aliyejua Kusoma

Zamani hizo, katika nchi ya theluji, shule ilikuwa ndani ya monasteri tu. Mwalimu alikuwa Bundi, na wanafunzi walikuwa kunguru watupu. Kondoo mmoja alichungulia dirishani miaka saba, akidaka kila herufi, kwa kuwa mama yake alichukuliwa akaingizwa humo, ikasemwa amekwenda kusoma.

Siku moja akabisha hodi. "Mwalimu, nami najua kusoma. Nipe nafasi."

Kunguru wakaangua kicheko. Bundi hakucheka. Akamfunulia kitabu cha sheria za shule. "Haya mwanangu, soma hapa. Ukiweza, utaingia leo hii."

Kondoo akainama. Vitabu vya huko viliandikwa juu ya ngozi, jambo ambalo hakuliona kutoka dirishani. Ukurasa ule ulikuwa na kovu la mwiba, lililopinda kama mundu. Kovu hilo alilijua tangu akinyonya.

Akasoma bila kukosea hata neno: "Kondoo asifundishwe kusoma."

"Umesoma vizuri sana," akasema Bundi, akimpapasa mgongo taratibu. "Karibu ndani. Kurasa zimetuishia."