Samaki Mwenye Viatu

Asubuhi ile mshonaji alikuwa anapindia sketi ya shule, pini tatu mdomoni. Simu ililia juu ya meza ya cherehani, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa binti yake.

"Mama, shikamoo. Mjukuu wako Kibibi bado ana homa, leo siku ya saba. Lakini usije na dawa tena. Imeandikwa: Mtoto wa Majivu akafumba mdomo, maji machungu yakamwagika, naye akacheka mpaka paa likatikisika."

Nusura ameze pini.

Binti yake alikuwa ameolewa kwenye dhehebu la Watu wa Majivu, mwaka wa sita huu. Mshonaji alijua wana kitabu chao, ila hakuwahi kukisikia, maana wageni hawasomewi. Lakini maneno yale aliyajua. Aliyaandika mwenyewe, darasa la tano, kwa sababu alichukia dawa ya kikohozi.

Akaacha sketi hapo hapo, akavuta sanduku la bati chini ya kitanda. Utotoni alikuwa akiandika hadithi zake mara mbili, kwanza kwa fujo, kisha kwa usafi. Daftari safi mama yake aliliuza dukani, wafungie bidhaa. Lile la fujo bado lilikuwepo, limetafunwa na panya pembeni. Miwani ilikuwa kwenye cherehani, lakini jalada lilikuwa na herufi kubwa: MTOTO WA MAJIVU. Akaona yatosha. Akalitia kwenye kikapu pamoja na chupa ya dawa, akaenda kupanda basi. Miwani ikabaki.

Ilimbidi apande mabasi mawili. Kwa binti yake alivua viatu mlangoni, kando ya karai wanaloweka simu zao wakati wa ibada, akazunguka kisima cha uani. Kibibi, miaka minne, alikuwa amelala kwenye mkeka, wa moto kama pasi.

"Bibi, umeniletea nini?"

"Uongo wangu wa zamani."

"Mtamu?"

"Mama, si nilikwambia," binti akasema, akiiangalia ile chupa.

"Ulinambia. Na mimi nakuuliza, hicho kitabu mlikipata wapi?"

"Mzee wetu alikuwa seremala. Siku moja akanunua misumari, ile karatasi iliyofungiwa akaisoma. Akarudi dukani mbio, akachukua zote zilizobaki."

"Zote?"

"Kasoro mwisho. Tunaishia pale Mtoto yuko kitandani na homa. Mwisho tunaungoja."

"Basi msingoje. Aliyeandika ni mimi."

Binti akacheka. "Na mimi ndiye niliyeshona mbingu."

Mshonaji akampa daftari. Binti akafungua akitabasamu. Ukurasa wa pili tabasamu likaisha. Midomo yake ilikuwa inatangulia macho, kwa kuwa kila mstari aliujua kwa moyo.

"Samaki mwenye viatu," akanong'ona.

"Nilikuwa nataka viatu. Sikuwa navyo."

"Mama, sisi tunavua viatu kwa ajili yake."

"Nilikuwa na miaka kumi na moja, mwanangu. Nilikuwa nakwepa hesabu."

Binti akafunua ukurasa mwingine. Kisha akasema, "Na hivyo vitabu vingine vya kale, si navyo kuna mtu alikaa chini akavitunga?"

"Huenda. Ila hao wameshaoza, hawawezi kuja kukukatalia. Mimi nimepanda mabasi mawili. Ni hadithi tu. Mpe mtoto dawa."

Mbu mmoja alizunguka mara tatu juu ya mkeka. Binti akafuta machozi, akachukua chupa, akamimina kijiko. Kibibi akakunja uso kama kitambaa kilicholowa, akameza.

"Huu si mtamu," akamwambia bibi yake.

Mshonaji akampangusa midomo kwa kanga.

"Niachie daftari," binti akasema. "Mzee aone mwenyewe. Akikubali yeye, wote watakubali." Alipofika kurasa za nyuma akalifunga. "Hizi sithubutu kuzisoma kabla yake. Zinaishaje?"

"Nani anakumbuka? Mtoto anapona, anakuwa nyota huko. Hadithi za watoto zote zinaisha vizuri."

Alirudi nyumbani mwepesi. Ndani ya basi alimwambia hata kondakta kuwa mjukuu wake amekunywa dawa, kondakta akamwambia hongera mama, sogea nyuma.

Saa kumi jioni alivaa miwani, akaikuta sketi ilivyokuwa. Simu ikalia, ujumbe wa sauti tena.

"Mama, homa imeshuka kabisa. Kibibi anarukaruka. Mzee amesoma daftari lako mpaka mwisho, analia kwa furaha. Anasema Mungu hachagui kalamu, hata ya mtoto inamfaa. Ametuita wote uani, tukausikie mwisho na kuufuata leo leo. Kibibi amevalishwa nyeupe, yeye ndiye Mtoto. Naweka simu kwenye karai. Ubarikiwe mama."

Mshonaji alitabasamu kwanza, kwa ajili ya ile homa. Kisha, mguu ukiwa juu ya kanyagio, akajaribu kukumbuka. Alikuwa ameketi jikoni, penseli imekatika. Mdogo wake alikuwa ndiyo kwanza amemchania mwanasesere, na yeye hakuruhusiwa kumpiga.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu akaandika, vidole vikikosea herufi:

"Mbebe mtoto mtoke sasa hivi. Ule mwisho niliandika nikiwa na hasira. Wanamfunga jiwe wanamshusha kisimani."

Ujumbe ulifika. Haukusomwa.