Bei za Saa Sita

Mashine ilikataa tena. Georgette akaifanyia jeuri, akaiandikia amri ileile, na skrini ikamrudishia maneno yaleyale: programu hii haikutengenezwa kwa prosesa hii.

Nyumba ilikuwa kimya, hata feni haikusikika. Kwenye rafu, Bikira Maria alisimama juu ya kopo lake la maziwa ya unga, akitazama yote.

Leo matanga yanaisha. Kabla ya saa sita, shemeji yake Cirhuza angefika hapa Nguba kuchukua vitu vya marehemu ndugu yake. Desturi iko vile, walisema. Kitanda wabebe, viti wabebe, Georgette hakujali. Ila kuna kazi moja. Kila siku saa sita kompyuta iliwatumia wauzaji bei za soko kwa simu. Yeye na mumewe Nathanaël waliitunga pamoja, na ndiyo iliyomsomesha mtoto wao Sagesse. Cirhuza mwenyewe, muuza maharagwe wa kule Kasha, hapangi bei bila kusoma ule ujumbe. Pale msibani alisema wazi kwamba mashine inaenda kwake.

"Ile kazi haitatoka humu mu nyumba," Georgette alimjibu mbele ya watu wote.

Wakwe waliguna. Wamama wa parokia wakamvuta pembeni: mjane hashindani na wakwe, nyamaza. Hakunyamaza. Alitafuta kompyuta nyingine, ndogo ya kuenea kiganjani, yenye prosesa kama ya simu, isiyokula umeme, akahamishia humo kila kitu, hadi mipangilio ya marehemu. Na hapo ndipo balaa ilipoanzia. Kile chombo cha kuleta programu toka mtandaoni kilikuwa kinaleta za prosesa ya zamani, wala hakikusikia la mtu.

Hervé, fundi wao, alimwambia kwa simu toka Kamituga amngoje, barabara imeharibika. Amngoje? Na Cirhuza yuko njiani!

Akasoma mipangilio, mstari kwa mstari. Akaupata. Nathanaël alikuwa amekiagiza chombo kilete za prosesa ya zamani tu, na pembeni akaandika: Usiguse hapa.

Machozi yakamtoka, maana hilo lilikuwa kama neno lake la mwisho.

"Unisamehe, papa Sagesse," akasema, akaufuta ule mstari.

Amri ileile. Safari hii programu zikaingia moja baada ya nyingine, kama mbuzi wanaojua zizi lao. Akapangusa macho, akarudisha kila waya mahali pake.

Hodi ikapigwa. Cirhuza akaingia na vijana wa ukoo, wamama wa parokia nyuma yao. Kitanda kikatoka, viti vikatoka. Rafu ya Bikira Maria waliipita wakipiga ishara ya msalaba. Nani atagusa mtakatifu wa mjane? Mwishowe Cirhuza akasimama mbele ya meza ya kompyuta.

"Na ordinateur tunabeba, shemeji. Usitufanye tuongee sana."

Georgette alimkazia macho. Kisha akajitoa mezani.

"Mubebe, shemeji. Yote."

Ameshindwa, wakanong'onezana, na mmoja wao akamwonea huruma. Vijana walichukua skrini na kibodi. Lile sanduku kubwa la kompyuta, zito, limejaa vumbi, Cirhuza alilikumbatia mwenyewe. Georgette akamfuata mpaka mlangoni na souris, kile kipanya cha kompyuta, mkononi.

"Mumesahau na hii."

Cirhuza alikuwa ameshuka ngazi mbili tu simu ikalia mfukoni mwake. Mikono ilikuwa imejaa, kwa hiyo akamwambia kijana wake Didier aitoe amsomee.

"Ni zile bei za saa sita," Didier akasema. "Maharagwe ya soko la Kadutu yamepanda."

Cirhuza akatazama sanduku alilolikumbatia, na nyaya zake zilizokuwa zikiburuta chini.

Ndani, Georgette alimnyanyua Bikira Maria, akachungulia ndani ya kopo la maziwa, akakaza kawaya, akamrudisha mama wa watu mahali pake.