Gego Lililochelewa

Paliondokea Tembo jike mwenye majivuno. Kila gego lake lilipochakaa, jingine lilitoka nyuma likalisukuma, naye akaendelea kutafuna magome ya mkwaju kama enzi za usichana wake. Sasa hata la sita, ambalo kwa tembo ndilo la mwisho, lilikuwa limelika.

"Bibi, gome unalitema zimazima," alisema Ngiri, asiyejua kuficha neno. "Shuka kinamasini, kuna majani laini."

"Kule ni kwa vibogoyo. Gego langu liko njiani."

"Njia gani hiyo, bibi? Mbavu zako zinahesabika."

Njaa ikamshusha. Majani yakamlainikia mdomoni, matamu. Ndipo akamkumbuka marehemu mama yake, aliyekuwa kibogoyo, aliyemwita zamani papa hapa aonje, naye binti akamcheka.

"Mungu anisamehe," akasema. "Mama, ni matamu kweli."