Hereni ya Fundi Redio

"Usiivue, baba. Hereni imekupendeza," binti alisema, akaurudisha mkono wa mzee mapajani.

Fundi redio hakucheka. Zamani angemjibu kabla hajafunga mdomo, maana ulimi wake haukuwa na breki. Sasa alitulia kwa utii, kibanio kikiwa kimemshika sikio la kushoto, waya mwembamba ukishuka hadi kwenye kisanduku kilichokuwa mezani.

Tangu alipoteleza juu ya paa akifunga antena, akaangukia kichwa, maneno yalimpotea, na watu pia. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amemweleza binti: umeme mdogo unapita sikioni, unauamsha mshipa wa fahamu unaopanda hadi kwenye ubongo, na papo hapo mgonjwa anafanyishwa mazoezi ya kukumbuka. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati. Mashine yenyewe ilikuwa moja tu, na nje mlangoni mwanamke mmoja alikuwa ameketi na mumewe, wakiisubiri. Mzee asipoonyesha dalili ya nafuu leo, ingekuwa yao.

Nyumbani binti alikuwa na kazi za kumzuia asifikiri: kumwogesha, kumlisha, kumfulia. Hapa kliniki hakuwa na la kufanya. Alikalia mikono yake, isije ikamwonyesha baba jibu.

Mtaalamu aliinua bisibisi. "Hii ni nini, mzee?"

Fundi aliitazama kwa muda mrefu. "Bisibisi." Kisha akarudi nyuma kidogo kitini. "Ya baba."

Binti alishusha pumzi. "Ndivyo alivyokuwa akitukataza tulipokuwa wadogo. Usiguse, hiyo ya baba."

Mtaalamu aliitikia kwa kichwa, akamwelekezea binti kidole. "Na huyu ni nani?"

Miezi yote hii baba yake alikuwa akimtazama kama mpita njia. Angemgawia kichwa chake mwenyewe, kama vichwa vingekuwa vinagawanyika.

"Mama," mzee alisema.

Mtaalamu alikunja uso. "Pole, dada. Amekufananisha na mtu mwingine."

"Hajanifananisha." Binti alikuwa ameshasimama, machozi yakimlengalenga. "Nimerithi jina la bibi yangu, mama yake. Tangu nizaliwe hajawahi kunitaja kwa jina. Mama njoo, mama lete chai. Nimezaa, nimeanza kuota mvi, bado ni mama tu. Muulize jirani yeyote. Huyo ni mimi."

Mtaalamu alimtazama mzee, akamtazama binti, kisha akatabasamu. "Basi mashine inabaki kwenu."

Akatoka kwenda kuwaambia wale wa mlangoni. Binti hakutaka kusikia watakavyopokea. Alipiga magoti mbele ya kiti, akakifungua kibanio, akalipangusa lile sikio kwa kitambaa.

"Umenitoa jasho, mzee wangu," alisema. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Fundi alichungulia mlangoni, akahakikisha wamebaki wawili. Akamvuta binti karibu, akamnong'oneza.

"Mama, usimwambie baba nimeanguka kwenye paa. Atanichapa."